Shoga yangu anataka kunilipia safari yote ya Bujumbura. Mbona sina raha?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nina shoga yangu niliyekua naye Ujiji. Tumesoma madrasa moja, shule moja ya msingi, na siku ya ndoa yangu yeye ndiye aliyekaa na mimi ndani mpaka nikatolewa. Alipomaliza chuo akakosa kazi, alikaa kwangu karibu mwaka mzima. Sasa Mungu amemfungulia. Yuko na shirika linalohudumia wakimbizi upande wa Kasulu, mshahara mzuri, na wikiendi nyingi anashuka Kigoma.

Miaka mingi tumekuwa tukisema iko siku tutakwenda Bujumbura, sisi wawili tu, Ijumaa hadi Jumapili, bila watoto wala waume. Mwaka huu tukasema basi, tusingoje uzee. Mume wangu hana neno, mama atakuja kukaa na watoto, na mimi nilikuwa nimeshaweka laki mbili na nusu kwenye kibubu.

Mambo yakaanza kugeuka alipoleta picha za hoteli. Iko kando ya ziwa, ina bwawa la kuogelea, na bei ya usiku mmoja ingenimalizia kibubu karibu chote. Nikamwambia hiyo siiwezi. Akacheka: "Wewe njoo na mkoba wako, mengine niachie mimi." Siku ile nilifurahi, siwezi kusema uongo. Lakini toka hapo naona kila kitu kinapangwa bila mimi. Nina mama mdogo Buyenzi, mtaa wa huko huko Bujumbura, aliolewa huko zamani. Nikasema tulale kwake tuokoe hela, akakataa: "Hatuendi kubanana kwenye nyumba za watu, tunakwenda kupumzika." Nikasema basi Jumamosi nipite soko la Ruvumera nitazame vitenge, huenda nikapata vya kuja kuuza hapa. Akasema nitamharibia siku kwa mambo ya biashara. Kazi niliyopewa mimi ni ukalimani, kwa sababu nimelelewa na bibi yangu kwa Kiha, ambacho hakiko mbali na Kirundi, na shoga yangu hakijui.

Juu ya hayo ameniletea vitambaa nimshonee magauni mawili, lake na langu, sare, ya kupigia picha huko. Mshono wenyewe ni wa kazi kwelikweli. Hakuuliza bei, na mimi sikusema kitu. Ningesemaje, na yeye ndiye anayelipa safari?

Sasa juzi kwenye shughuli moja hapa Kigoma, mtaa wa Gungu, nikamsikia akiwaambia watu, "Mwezi ujao nampeleka shoga yangu Bujumbura, maskini hajawahi hata kuvuka mpaka." Wakanigeukia wakanipongeza kama mtoto aliyefaulu darasa la saba. Nilicheka nao, lakini Shangazi, liliniuma. Ni kweli sijawahi kuvuka mpaka. Ila safari hii tuliipanga wote.

Nikikataa nitaonekana nina wivu. Nikienda, naona siku tatu hizo nitashindwa hata kuagiza soda kabla sijamtazama usoni. Mume wangu anasema nina makuu, mtu akikupa pokea. Mama anasema usiende, cha bure ghali. Nifanyeje?

Fundi wa Mwanga, Kigoma

*

Marahaba mwanangu.

Mumeo anasema pokea, mama yako anasema kataa. Mimi siko upande wa yeyote, maana wote wawili wanahesabu pesa ya shoga yako tu, kana kwamba wewe unakwenda mikono mitupu. Barua yako yenyewe inasema vingine.

Tuanze na ule mwaka. Umeuandika kwa sentensi moja ukaupita mbio. Mtu amekaa kwako karibu mwaka, amekula, amelala, ameoga kwa sabuni yako, na nina hakika hukumwandikia daftari. Unadhani alijisikiaje kila akifunua sufuria? Huenda alijisikia hivi hivi unavyojisikia wewe leo, na akanyamaza hivi hivi. Sasa kapata, na anataka kulipa yote kwa mkupuo, wikiendi moja, kwenye hoteli yenye bwawa. Simsemei moyo wake, simjui. Lakini kabla hujamhukumu kwamba anajionyesha, jiulize na swali hili, ingawa halipendezi: kinachokuwasha ni kupewa, au ni kwamba miaka yote mtoaji ulikuwa wewe, na kiti umezoea?

Usidhani nimemaliza kwa hapo nikuambie upokee tu. Bado magauni.

Hapo kwenye magauni niliweka barua chini kwanza. Wewe ni fundi. Mtu wa mtaani akikuletea mshono wa namna hiyo, unamtajia bei hata kabla hajakaa. Unajua uzi, zipu na bitana vinanunuliwa kwa hela, na unajua usiku utakaokesha huku sare za wateja zinakungoja. Kazi hiyo yote ni pesa inayotoka kwako kuingia kwenye safari, ila imetoka kimya, na kwa sababu imetoka kimya haionekani. Na ukalimani nao? Kiha na Kirundi vinasikilizana. Ukifika mtaani Bujumbura wewe utaongea na mama muuza ndizi, na dereva, na mtu wa mlangoni, na kupatana bei. Mwenzio na mshahara wake atasimama pembeni akisubiri umwambie wamesema nini. Ni Buyenzi tu ndiko mtakakokuwa sawa, kwa sababu kule Kiswahili ndiyo lugha ya mtaa.

Kwa hiyo chukua karatasi. Andika mshono wa magauni mawili kwa bei ya dukani kwako, bila kupunguza kwa ajili ya urafiki. Usimpelekee kama mtu anayedai. Iweke kwenye hesabu ya safari kama mchango, mstari wake na jina lako mbele yake. Nina imani atakapouona atashtuka, maana sidhani kama aliwahi kulifikiria. Watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi husahau kwamba saa za fundi nazo ni hela.

Sasa pesa yenyewe. Ofa ya "mengine niachie mimi" ni mbaya kwenu wote wawili, kwa sababu haina mpaka. Wewe hujui umepewa nini, kwa hiyo utajiona unadaiwa kila kitu hadi maji ya kunywa. Yeye naye hajui ametoa nini, kwa hiyo atajiona ana haki ya kupanga kila kitu. Ipe mpaka. Akulipie chumba, basi. Chumba ni kikubwa, kina bei inayojulikana, na hoteli ile ameitaka yeye. Kipokee kwa mikono miwili, useme asante mara moja, usirudierudie asante hadi Jumapili.

Yaliyobaki, yaani nauli, chakula, teksi na viingilio, yatoke kwenye mfuko mmoja ambao kila mtu ametia sawa. Kiwango kiwe kile unachokiweza wewe, siyo anachokiweza yeye. Una laki mbili na nusu: tia laki na ishirini, naye atie laki na ishirini, nyingine ikae kwako kwa karatasi za safari na dharura. Na mfuko huo ushike wewe. Hili nalisisitiza. Ukishika wewe hutamtazama mtu usoni ndipo uagize soda. Yeye ndiye atakayekuuliza kama hela ya mishikaki bado ipo, na haitamdhuru. Akitaka kitu kilicho juu ya mfuko, tuseme kukandwa mwili pale hotelini, alipe chake na aende mwenyewe, wewe ukalale kivulini. Marafiki wakiachana saa mbili ndani ya safari, safari haivunjiki.

Kuhusu lile neno alilosema Gungu, mwambie. Mwambie mkiwa wawili, uso kwa uso, siyo kwa simu wala kwa kumtumia mtu. Usimwambie "unanidharau", maana atakataa na mtabishana mpaka Magharibi. Mwambie ulichosikia na kilivyokuuma. Hilo hawezi kulibishia.

Nimeona pia mnagombania kitu ambacho hamjakipima. Mmesema Ijumaa hadi Jumapili, lakini haya, pimeni. Kutoka Kigoma kupitia Mwandiga mpaka Manyovu ni lami, kilomita zipatazo 60 za kupanda vilima. Hapo mnagonga mihuri, mnabadili gari, mnaanza upande wa Burundi kwa Mugina, Mabanda, mnateremka Nyanza-Lac, halafu mnafuata ziwa kupitia Rumonge hadi Bujumbura. Miaka ya karibuni Burundi imesumbuliwa na uhaba wa mafuta, kwa hiyo gari linaweza kuchelewa na nauli ikapanda ghafla. Ziwa nalo limepanda na kuharibu sehemu za kandokando, wewe wa Kigoma umeona lilivyofanya hata Kibirizi. Ijumaa yenu, basi, ni ya njiani. Jumapili mtaondoka asubuhi mapema ili mpaka usiwafungie. Na mkirudi mnapoteza saa moja, kwa kuwa saa za Burundi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Imebaki Jumamosi peke yake.

Hiyo Jumamosi nayo si nzima. Asubuhi yake Warundi wana kazi za kijamii za usafi na ujenzi. Maduka mengi hufungwa na magari hupungua barabarani mpaka saa nne na nusu hivi kwa saa zao. Ukitaka kwenda Ruvumera mapema hutafika, na ukifika utakuta milango imefungwa.

Umeona kinachotokea? Ugomvi wenu unajimaliza wenyewe. Asubuhi ambapo mji umetulia, kaeni kwenye hilo bwawa lake alilolilipia, muogelee, mpige hizo picha mkiwa na magauni. Kuanzia saa tano mchana ni zamu yako: Ruvumera, ambayo iko huko huko Buyenzi, halafu chakula cha mchana kwa mama mdogo. Alasiri mrudi ziwani, kwenye fukwe kama Saga, mle mukeke wa kuchoma, samaki ambaye sisi tunamwita mgebuka, na jua lizame nyuma ya milima ya Kongo. Akitaka kuona viboko, hifadhi ya Rusizi iko jirani na mji, lakini hapo mtalazimika kuacha kitu kingine. Mimi ningeacha viboko. Lakini mimi ni mzee wa Kigoma, viboko si habari kwangu.

Vitenge nunua viwili vitatu vya kwako, ukague bei na ubora, ujifunze. Kubeba bunda la kuuza ni mambo ya forodha, yanataka siku yake na akili yake. Kwa hili mwenzio ana haki kidogo: siku moja haitoshi kwa mapumziko na biashara. Na wazee wakikuelekeza soko kuu la katikati ya mji, waambie liliungua Januari 2013.

Watu wa Ujiji mmesimuliwa habari za Livingstone na Stanley hadi mmezichoka, lakini nivumilie kidogo, kwa sababu nao walisafiri njia hii. Novemba 1871 Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, anamkuta mzee Livingstone Ujiji hana kitu, bidhaa alizotumiwa zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzilinda. Stanley ana vitambaa, shanga na dawa, gharama yote ya gazeti la New York Herald. Mwezi huo huo wakapanda mtumbwi pamoja, wakapita pwani hii hii mpaka mdomo wa Rusizi, kuhakikisha kama mto ule unaingia ziwani au unatoka. Wakakuta unaingia. Livingstone alikula chakula cha Stanley, akapokea dawa na vitambaa vyake, wala hakuona haya. Ila Stanley alipomsihi warudi wote Uingereza, mzee alikataa katakata. Machi 1872 wakaachana Tabora, mmoja akashika njia ya pwani, mwingine akabaki na shughuli yake, na hawakukosana. Alipokea vitu bila kumpa mtoaji haki ya kumpangia njia. Kuna jiwe lenye majina yao huko Mugere, kusini ya Bujumbura, si mbali na barabara mtakayopita. Ukiambiwa kwamba hapo ndipo walipoonana mara ya kwanza, wewe mtoto wa Ujiji cheka tu, uendelee na safari.

Kama unaona kuanza mazungumzo ni kugumu, mtumie maneno haya, uyabadili upendavyo:

"Shoga, hii safari naitaka, na naitaka na wewe. Chumba lipa wewe, hiyo ndiyo zawadi yako kwangu na nimeipokea. Magauni ni zawadi yangu kwako, bei ya mshono nimeiandika uione. Nauli na chakula tuchange sawa, mfuko nitashika mimi. Jumamosi asubuhi bwawa, mchana Buyenzi, jioni ziwani. Ukija wikiendi hii tukae tuongee, kuna kitu ulisema Gungu kiliniuma."

Akikasirika? Mpe siku chache. Akija na hoja, sikiliza, kwa sababu huenda naye ana lake la kukwambia kuhusu ule mwaka. Lakini akisema hoteli yake na ratiba yake au hakuna safari, basi hakuna safari ya namna hiyo. Mwambie kwa upole kwamba wewe utalala Buyenzi na yeye alale hotelini, mkutane mchana. Nimewahi kuona mashoga wakilala mbalimbali na bado wakarudi wakicheka. Akikataa na hilo, laki mbili na nusu zako bado ziko kwenye kibubu.

Karatasi zisikuponyoke. Kitambulisho cha NIDA hakikuvushi kwenda Burundi. Pasipoti ni shilingi 150,000, na kwa kibubu chako hiyo ni pigo. Kwa safari hii nenda ofisi ya Uhamiaji hapo Kigoma uulize hati ya dharura ya kusafiria, ni nafuu zaidi. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Uliza mapema hoteli inadai faranga au dola, maana bei ya rasmi ya faranga na ile ya mtaani haziko sawa, na hapo ndipo bajeti za wageni wengi huvurugika. Na mkivuka barabara mkumbuke huko magari yanapita kulia. Wewe unayeshangaa vitenge nakuhofia.

Mama mdogo mpigie wiki hii, umwambie mnakuja kula na hamtalala, na sababu umpe ya kweli. Asije akasikia kwa watu kwamba ulikuwa Bujumbura ukalala hotelini. Doti moja ya khanga kutoka hapa itamtosha, na unga wa muhogo ukipata nafasi kwenye begi.